Vyembe Sita Juu ya Meza ya Jikoni

Kwa wiki tatu hatukula kwenye meza yetu ya jikoni, maana baba yangu alikuwa ameigeuza karakana. Tulikula sebuleni, sahani mapajani, mke wangu akinung'unika kwamba kwao Tanga watu hula hivyo msibani tu. Juu ya meza palikuwa na gazeti la matangazo, na juu ya gazeti vyembe sita, vile vyuma vyenye makali vinavyofungwa kwenye ncha ya mshale wa kuwindia. Vilikuwa vya aina mbili, kila aina na namna yake ya kuua, na baba alitaka kuzijua namna zote mbili kabla sijatoka nyumbani na hata kimoja.

Inabidi nieleze tulifikaje huko. Mama alifariki Kondoa mwaka uliotangulia, mimi nikiwa hapa Garland, Marekani, karatasi zangu zimekwama, nikitoka nchini sirudi. Nilimzika kwa simu. Ndugu waliniambia amepumzika salama, hakuteseka, nami nikayang'ang'ania maneno hayo. Karatasi zilipokaa sawa, mtu wa kwanza niliyemwita alikuwa baba, aje akae nasi miezi minne. Nilipomkumbatia uwanja wa ndege nilizihisi mbavu zake chini ya koti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa," akasema, kana kwamba nimemwibia.

Siku hiyo hiyo tukagundua kwamba hali nyama. Mke wangu alikuwa amepika pilau ya mbuzi, ile ya kumpokea mkwe, harufu imefika mpaka maegesho ya magari. Baba alikula wali wote, nyama akaisukuma ukingoni mwa sahani, kipande kwa kipande. Nilipomuuliza akasema, "Nyama nisiyojua ilivyokufa hainipiti kooni."

Mimi ni mtu wa kubisha, sifichi. Nikamweleza kwamba mwenye bucha namfahamu, ni mtu wa swala tano, nusu ya Waislamu wa huku wananunua kwake. Baba akanisikiliza hadi mwisho.

"Sijasema si halali. Nimesema sijui ilivyokufa."

Nikabisha wiki nzima. Kuku akakataa. Ng'ombe akakataa. Samaki alimla mara moja tu, kwa kunionea huruma. Akabaki na ugali, mchicha na mayai, huku mke wangu, ambaye kazi yake ni kuwahudumia wagonjwa wa figo na hupima watu uzito kutwa, akimpandisha kwenye mizani kila Jumapili. "Baba, zimepungua tena kilo mbili," anasema. Baba anajibu kwamba mizani ya Marekani ina uongo. Tulicheka, lakini usiku mke wangu hakucheka. Aliniambia mzee akiendelea hivi tutamrudisha kwao akiwa mifupa.

Ndipo nikapata wazo. Kama tatizo ni kujua, basi nitamwonesha. Nitawinda mwenyewe, yeye akiwa kando yangu, aone mwanzo hadi mwisho. Nilitaka kitu kimoja tu: baba ale nyama mezani kwangu kabla hajapanda ndege kurudi.

Kuwinda kwa upinde nilifundishwa na rafiki yangu Mkenya, muuguzi anayeishi DeSoto, ambaye yeye na wenzake watatu wamekodi pori dogo katikati ya Dallas na Houston, kando ya barabara kuu. Nilikuwa nimeenda naye misimu miwili na sijawahi kupata kitu zaidi ya mafua. Kumwambia baba habari za upinde kulihitaji ujasiri. Baba alikuwa askari wa wanyamapori miaka thelathini. Kazi yake ilikuwa kuwakamata watu wenye mishale. Nikiwa na miaka tisa nilijitengenezea upinde wa mti na mshale wa msumari uliosuguliwa kwenye jiwe, nikamchoma kuku wa jirani mgongoni, na kuku akazunguka uani na msumari ule mchana kutwa. Baba aliporudi kutoka porini aliuvunja upinde wangu gotini, akamchinja kuku, akaenda kuomba radhi. Hakunichapa. Alisema tu, "Umeona alivyokuwa anatembea?" Afadhali angenichapa.

Kwa hiyo nilipomwambia nina upinde, nilijiandaa kukemewa. Badala yake akanyoosha mkono. Kisha akasema, "Chembe chake kilete nikione."

Sikuwa na chembe cha maana. Nilikuwa na vitatu vya kuazima kwa Mkenya, vilivyoanza kutu. Tukaenda duka la pinde, mimi na baba, yeye amevaa kofia yake nyeupe na kanzu chini ya jaketi langu la baridi. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, nywele zimeanza mvi, mikono ya mtu anayechuna mwenyewe. Akatuwekea mbele aina mbili. Ya kwanza ni ya kujifungua: nyembe zake zimelala pembeni kama mbawa za mende, zikigonga ngozi zinatanuka na kufanya jeraha pana kama mdomo wa kikombe. Ya pili imetulia tu, nyembe mbili pana zimeungana mbele kuwa ncha moja, haijifungi wala haijifungui.

Mimi moyo wangu ulikuwa kwa zile za kujifungua. Mkenya anazitumia na kuzisifia kutwa: "Manze, hizi zinafunguka ndani, ni noma! Mnyama ana-drop hapo hapo." Baba yeye alikuwa na swali moja, akanitaka nilitafsiri: mnyama atachukua muda gani?

Nikalitafsiri kwa aibu, maana niliona ni swali la mtu asiyejua duka. Yule mama akaacha alichokuwa akifanya, akamtazama baba vizuri. Akaniambia nimwambie mzee kwamba hilo ndilo swali lenyewe, mengine yote ni rangi za paketi. Kisha akaniuliza mimi upinde wangu unavutwa kwa paundi ngapi, yaani una nguvu kiasi gani.

Nikadanganya. Nikasema sitini. Ukweli ni arobaini na tano, maana bega langu liliharibika siku nilipobeba friji peke yangu kumwonesha mke wangu kwamba bado ni kijana. Yule mama akasema kwa sitini, aina yoyote itafanya kazi nikilenga vizuri, ila kwa upinde laini hapendekezi zile za kujifungua, kwa sababu zinakula nguvu ya mshale kwa kufunguka. Nikaitikia kama msomi na kununua vitatu vya aina hii, vitatu vya aina ile. Baba hakuelewa Kiingereza cha maneno yale, lakini alikuwa ameniona ninavyovuta upinde, ninavyotetemeka kama nachota maji kisimani. Tulipofika kwenye gari akasema, "Yule mama umemwambia nini hata akakuamini?"

Ndivyo vyembe sita vilivyofika mezani. Baba aliomba ndoo na kipande cha ngozi. Nikaenda kabatini nikachukua mkoba wa ngozi wa mke wangu ambao kwa miaka miwili sijamwona ameubeba. Baba akauchana, akauwamba juu ya ndoo, akaukaza kwa mpira mpaka ukalia kama ngoma. Kisha akashika chembe cha kujifungua kwa mkono, akakisukuma taratibu. Ngozi ikabonyea, ikabonyea zaidi, nyembe zikachelewa, kisha zikatanuka kwa ghafla na kuichana vipande.

"Huyu anasukuma kwanza," akasema.

Akachukua kile kilichotulia. Hakikusukuma. Kiliingia kimya kimya, kikaacha mstari mmoja safi, na ngozi haikushtuka.

"Huyu anakata tangu anapogusa. Mkono wenye nguvu unaweza kumtuma yule wa kwanza. Wako hauwezi." Alilisema hilo bila dharau yoyote. "Nilimkuta pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, anatembea siku ya nne na mshale ubavuni. Ulikuwa umefika mfupani, ukachoka. Tulimfuata asubuhi nzima ili tummalize. Ukipeleka chuma kisichofika, hujawinda, umemwachia mtu kazi."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na video kumi za kumwonesha. Lakini hapo mke wangu akaingia kutoka kazini, akaona ndoo.

"Huo ni mkoba wangu?"

"Ulikuwa hauubebi," nikasema.

"Nilikuwa nautunza!"

Baba akainua mikono akasema kosa ni lake, hakujua. Mke wangu akabadilika papo hapo, "Hapana baba, wewe huna kosa, ni huyu mwanao," na hadi leo ni mimi ninayedaiwa mkoba ule. Lakini chembe kilikuwa kimechaguliwa. Vile vitatu vya kujifungua nilimpelekea Mkenya, akashangilia kama mtu ambaye mtoto amepewa jina lake.

Yule mama wa dukani alikuwa ameonya, nami sikusikiliza, kwamba chembe kipana kilichotulia hushika upepo na kuvuta mshale pembeni. Kwenye uwanja wa shabaha mishale yangu ikaenda kushoto, yote, kwa adabu kabisa. Nikarudi dukani kuungama paundi zangu arobaini na tano. Yule mama hakunicheka usoni. Alirekebisha upinde, akabadilisha mishale, nami nikaanza kwenda uwanjani kila jioni nikitoka ofisini, baba kwenye kiti cha kukunja, shali mabegani. Alinipa mpaka wangu: hatua zake ishirini. Alizipima mwenyewe, akaweka kopo. Nikisema wenzangu wanapiga hatua arobaini, anasema wenzako hawaendi na mimi.

Niseme ukweli, jioni zile zilikuwa za raha kuliko zozote nilizowahi kukaa na baba. Utotoni mwangu alikuwa mgeni anayekuja na mkoba wa turubai, analala siku tatu, anaondoka. Sasa alikuwa wangu saa mbili nzima, ananiambia shusha kiwiko, ananipa chai ya chupa. Nyumbani alianza kuvinoa vyembe kwa jiwe, ijapokuwa vilitoka dukani vikali vya kunyolea ndevu. Nikamwambia havihitaji. Akaendelea kunoa. Nikakaa naye.

Kabla ya safari ya kwanza akanikumbusha la dini: jina la Mungu litajwe mshale unapotoka. "Na utamke. Mungu anasikia ya moyoni, lakini mimi nataka kusikia kwa masikio yangu."

Basi Jumamosi moja alfajiri tukaondoka na Mkenya kwenda pori lao, na kulipopambazuka tulikuwa tumeketi ndani ya kihema cha turubai, magoti yamegusana. Mnyama wa huku baba alikataa katakata kumwita kulungu, alisema kulungu anamfahamu na huyu si yeye, lakini kwa kukosa jina lingine tukabaki na kulungu. Akaja jike mmoja mzima, akasimama pale pale kwenye alama ya hatua ishirini, ubavu wote wazi. Sikuamini. Nikavuta upinde, nikakumbuka nimeambiwa nitamke, nikajaza kifua, na nikatamka. Bismillahi, Allahu akbar, herufi zote mahali pake, kwa sauti ya mtu anayetaka safu ya nyuma isikie.

Kulungu alizama chini kama aliyevutwa miguu, akaruka, akapotea. Mshale ukapita juu ya mgongo wake ukajichomeka kwenye udongo. Nikabaki na upinde mtupu mkononi, nikiogopa kugeuka.

Nilisikia kitu kama kikohozi. Baba alikuwa amevua kofia na kujiziba nayo mdomo, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka.

"Umemwadhinia!" akasema alipopata pumzi. "Mwanangu, umemwadhinia mnyama!"

Sijawahi kumwona akicheka hivyo, wala kabla ya msiba wala baada. Tulicheka hadi kihema kikaegemea upande. Mkenya alipokuja kututoa na kusikia kisa akakaa chini: "Lakini boss, si ungemtumia hata text kwanza!" Ikabidi nimtafsirie baba, naye akaanza upya. Njiani kurudi, alipotulia, akanifundisha kwamba Bismillahi ya mshale inasemwa kama unavyoisema ukimfunika mtoto aliyelala.

Mara ya pili mvua ilinyesha siku nzima. Ikabaki Jumamosi moja, kwa sababu Alhamisi yake baba alikuwa anasafiri. Uzito wake ulikuwa umepungua tena. Sikulala vizuri, nikawaza kwamba nimempotezea mzee wiki zake zote kwa ubishi wangu.

Jumamosi ile kulikuwa na baridi na kimya. Saa mbili asubuhi akatokea jike peke yake, akatembea kuelekea kwetu, uso kwa uso. Nikainua upinde. Baba akaweka kidole kimoja juu ya goti langu, na nikaelewa: bado. Kwa mbele kuna mifupa. Tukangoja. Bega langu lilianza kuwaka kabla hata sijavuta. Yule mnyama akasimama, akasikiliza, akageuka kula kitu pembeni, na ubavu ukafunguka. Nikavuta, nikataja jina la Mungu kwa pumzi tu, nikaachia.

Mshale ulipita. Alikimbia kuingia kwenye miti ya mialoni, majani makavu yakavunjika, kisha pakawa kimya. Baba alikuwa akitazama saa yake ya mkononi. Nilitaka kuinuka, akanishika mkono wa jaketi, akanishikilia nusu saa nzima. Alikuwa anajua kungoja.

Mshale tuliukuta ardhini, mwekundu wote, damu yenye povu. "Mapafu," akasema. Tukafuata. Yule jike alikuwa amelala ubavu, hatua kama hamsini kutoka tulipokuwa. Baba akachukua jani la nyasi, akamgusa jicho. Halikufumba. Akapiga goti, akatazama alipoingilia mshale na alipotokea, akapitisha vidole vyake kwenye ule mstari safi.

"Dakika moja haikufika," akasema. "Nimehesabu tangu ulipoachia mpaka majani yaliponyamaza. Haikufika."

Nikajibu alhamdulillahi. Nilidhani ataniambia nimefanya vizuri, na naona haya kusema kwamba nilikuwa naisubiri sifa yangu. Badala yake akakaa chini kabisa, kwenye majani, kanzu na yote.

"Mama yako alichukua siku kumi na moja," akasema.

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa, nikakaa karibu naye.

"Waliniambia hakuteseka."

"Mimi ndiye niliyewaambia wakwambie hivyo. Ungefanya nini huku? Ungelia kwenye simu, upoteze kazi?" Alikuwa anamtazama mnyama, hanitazami mimi. "Miaka thelathini, baba, nikikuta kiumbe kinateseka nilikuwa na bunduki. Kwake yeye nilikuwa na kijiko cha maji tu. Tangu hapo nikiwekewa nyama, najiuliza huyu naye alichukua siku ngapi."

Kuniita kwake baba, kama wazee wanavyowaita wana wao, ndiko kulikonivunja. Nililia pale porini bila kujificha, naye akaniwekea mkono kisogoni na kuuacha hapo. Sikumkasirikia kwa kunificha. Nilimhurumia kwamba alilibeba jambo hilo peke yake mwaka mzima, akavuka nalo bahari, akala nalo mchicha mezani kwangu, na mimi nikawa nabishana naye habari za bucha.

Mkenya alipofika alituona tumekaa, akafungua mdomo kushangilia, akaufunga. Akasema, "Pole mzee," akaanza kazi ya kuchuna bila kuuliza. Baba akamwonesha anavyotaka, kwa mikono, nao wakaelewana.

Alasiri hiyo mke wangu aliondoa gazeti, akaifuta meza ya jikoni mara mbili, akapika maini kwa vitunguu na ndimu. Tukakaa mezani. Baba akasema Bismillahi, akachukua kipande, akala. Akachukua kingine. Mke wangu akajifanya anatafuta kitu kwenye jokofu ili asionekane anafuta macho, kisha akatoka akatuacha wawili.

Nikamwambia, "Baba, nisimulie."

Akanitazama kama anapima hatua. Kisha akaanza na siku ya kwanza, mama alivyoamka, alichosema, nani alikuwepo. Alisimulia huku anakula, polepole. Tulipofika siku ya sita chai ilikuwa imepoa, nikachemsha nyingine. Siku ya tisa aliniambia mama aliniita kwa jina langu la utotoni akidhani niko chumba cha pili, nami sikumzuia baba asiendelee. Alizisimulia siku zote kumi na moja, hadi mwisho wake, na safari hii nilikuwepo.